Makofi matatu hayakuwemo kwenye mpango

Leo nimeanikwa kama dagaa. Tumbo juu, mchana kweupe, mbele ya wazazi.

Na kabla hamjaanza: hapana, sijalogwa. Najua humu kikundini kuna watu mkisikia tu Sumbawanga mnawaza ungo. Hakuna aliyeniloga. Nimejiloga mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na nilikuwa na wiki nzima ya kujizuia.

Naandika kwa simu ya dada. Kanipa mpaka amalize kusonga ugali, kwa hiyo makosa ya vidole mtanisamehe. Makosa mengine msinisamehe, nayastahili.

Iko hivi. Shule yetu imealikwa kwenye shindano la Kiingereza kule Wampembe, chini kabisa, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Madam Skola, mwalimu wetu wa Kiingereza, alitangaza wiki iliyopita kwamba atafanya mchujo bwaloni, wazazi wakiwepo. Atakayeshinda ndiye msemaji wa shule. Wa akiba atamchagua yeye mwenyewe. Basi. Wawili tu. Wanalala kule, wanakula migebuka iliyotoka majini asubuhi hiyo hiyo, jioni wanaoga ziwani.

Sasa mimi hiyo safari nilikuwa naihitaji kuliko chakula. Sababu yake ni ya aibu, ila leo aibu imeshakwisha, nawaambia.

Mimi, Fidelis, Mfipa halisi wa Izia, hapa hapa Sumbawanga, kidato cha tatu, sijawahi kuliona Ziwa Tanganyika. Hata kwa mbali. Nimeliona kwenye kalenda ya kinyozi. Na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwasimulia wenzangu jinsi ninavyoliogelea kila likizo. Kuna siku darasa zima liliacha kula kande likinisikiliza nilivyokimbizwa na mamba. (Mamba naye alikuwa wa kwenye kalenda. Mwezi wa nane.)

Kwa hiyo ilikuwa lazima nifike huko kabla ya mtu kuniuliza maswali ya kina.

Tatizo lilikuwa mtihani wenyewe. Madam alichagua vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofanana sauti kama mapacha waliovaa sare. Mnavijua. Kuna "bought" na "brought", kimoja umenunua, kingine umeleta. Kuna "taught" na "thought". Kuna "lie" na "lay", ambavyo hivyo vina ushenzi wao wa pekee, kwa sababu ya jana ya kimoja ndiyo ya leo ya kingine. Aliyevitengeneza hivi alikuwa na kinyongo na watu wa Rukwa.

Na kuna "fell" na "felt". Hivi viwili mimi na vyenyewe tuna historia. Muhula uliopita kwenye insha nilitaka kuandika kwamba nilijisikia vibaya. Nikaandika "I fell bad". Madam akaandika pembeni kwa wino mwekundu, tena kwa Kiswahili ili ujumbe usipotee njiani: "Pole. Uliangukia wapi?"

Sijarudia kosa hilo. Wino ule umeniingia mpaka kwenye mifupa. Likumbukeni hili, litarudi.

Mpinzani wangu alikuwa Minza. Hapa naomba nitulie kidogo, kwa sababu mimi huwa simsifii mtu, nikimsifia mtu mdomo unaniuma. Ila Minza, acheni tu.

Kwao ni Wasukuma. Walikuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakajenga kule mwisho wa Izia nyumba zinapokwisha na mashamba yanapoanza. Alivyoingia kidato cha kwanza, Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu (na changu kilikuwa kinatia huruma). Leo hii vitenzi vinamsikiliza. Akisema kimoja unahisi kimepiga saluti.

Nilimfuata bombani wiki hii nikiwa na nia mbaya, nikitaka kumpeleleza.

"Minza, we hivi vitenzi unakariri vipi?"

"Sikariri," akasema, huku anakinga maji. "Nachunga."

"Unachunga nini?"

"Vitenzi. Kila kimoja nimekipa ng'ombe. Sikia. Ng'ombe akilala mwenyewe kivulini, hiyo ni 'lie'. Ukimlaza wewe, umemfunga kamba umchanje, hiyo ni 'lay'. Wa kwanza amelala kwa hiari yake, wa pili amelazwa. Utawachanganyaje?"

"Na 'brought'?"

"Ina 'r' katikati. 'R' ya kurudi. Ndama alipotea, umerudi naye. 'Bought' haina 'r', hujarudi na mtu, umetoa hela mnadani."

"Na 'thought'?"

Akacheka. "Toa ulimi kidogo, uume na meno. Ndivyo inavyoanza. Baba akiwaza mambo mazito huwa anauma ulimi hivyo hivyo."

Nikabaki bombani nimeuma ulimi kama babake. Ndoo yangu ilijaa, ikafurika, ikalowesha viatu. Mtu anaona zizi la ng'ombe, kumbe mwenzetu anafuga kamusi nzima! Nilirudi darasani nikijua jambo moja: kwa haki, simshindi.

Kwa hiyo nikaachana na haki.

Rafiki yangu ni Deo. Deo ndiye kichwa cha darasa, ila ana ugonjwa mmoja: akisimama mbele ya watu, anasahau hata jina lake. Kweli kabisa. Aliwahi kuitwa mstarini aseme sala, akasema "Deo" badala ya "Amina". Kwenye mchujo wa awali wa darasani, ule uliotubakiza mimi na Minza, alisimama, akatazama paa, akakaa. Lakini mkalishe nyuma, mahali asipoonekana, hakuna kitenzi asichokijua.

"Oya Deo," nikamwambia, "we una akili, mimi nina sura ya kusimama mbele. Tukiungana ni mtu mmoja kamili."

"Madam atatukamata."

"Atatukamataje? Tunasimama tumeangalia ubao, mgongo kwa watu. Ameweka sheria hiyo kwa sababu mwaka jana watu walikuwa wanasomana midomo. Amefunga macho. Masikio hakuyafunga."

Mpango ulikuwa mtamu mpaka nilitamani kuuandikia wimbo. Ubaoni Madam anaandika maneno mawili, moja kushoto, jingine kulia. Kisha anasoma sentensi kwa Kiswahili, wewe unachagua neno. Deo akipiga kofi moja, ni la kushoto. Mawili, ni la kulia. Na nani atashangaa mtu kupiga makofi Sumbawanga msimu huu? Baridi yetu mnaisikia tu. Asubuhi hata mwalimu wa nidhamu anapiga viganja, anapuliza, anasugua. Deo atakuwa tu ni mwanafunzi anayepasha mikono joto.

"Na mimi nikipata nini?" Deo akauliza.

"Migebuka ya kukaushwa. Nakuletea mzigo."

"Wewe utaitoa wapi? Si utakuwa unakimbizwa na mamba?"

(Rafiki wa kweli ni yule anayejua uongo wako na bado anakaa na wewe.)

Basi, leo ikafika. Bwalo limejaa. Wazazi mbele kwenye mabenchi, wazee wamejifunika mablanketi na makoti, mkuu wa shule na tai yake. Mama yangu alishaniambia hatakuja, ana maharage sokoni. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Sikumuuliza kama kuna mwingine atakayekuja. Hilo ndilo kosa langu la kwanza leo, na lilikuwa dogo kuliko yote.

Alianza Minza. Jamani. Alisimama mbele ya ule ubao kama mtu aliyesimama mlangoni mwa zizi jioni, anahesabu wanaoingia. Madam anasoma, Minza anajibu, hata mate hamezi. Akakosa kimoja tu, cha mzee aliyeanzisha kijiji. Alisema "found", kumbe ilikuwa "founded". Akajipiga kidogo pajani, akasema kwa sauti ya chini, "Huyo kanitoroka." Wazazi wakampigia vigelegele hivyo hivyo.

Kamkosa mmoja! Moyo wangu ukaanza kuogelea. Nikipata vyote, ziwa langu.

Nikaitwa. Nikatembea kwa madaha, nikageukia ubao, nikawapa watu mgongo. Nyuma kabisa nikasikia Deo anapuliza viganja. Fuuu.

"La kwanza," Madam akasoma. "Jana baba alinunua jembe."

Kofi moja.

Nikajikuna kidevu. Nikatikisa kichwa kama profesa. "Hiyo ni 'bought', Madam."

"Sawa. La pili. Jana ng'ombe alilala kivulini."

Kofi moja.

"'Lay'!"

"Sawa. Kwa nini siyo 'laid'?"

Mungu wangu! Swali la kwa nini halikuwemo kwenye mpango. Makofi hayawezi kueleza kwa nini. Nikameza mate, nikachota kisimani kwa jirani.

"Kwa sababu... amelala mwenyewe, Madam. Hakuna aliyemlaza. Angekuwa amefungwa kamba achanjwe, hapo ingekuwa 'laid'."

Wazazi wakaguna kwa kuridhika. Mzee mmoja akasema, "Huyu kijana anajua mifugo." Pembeni yangu nikamsikia Minza anacheka puani. Angeweza kusema ni jibu lake, akaniacha.

Madam naye akauliza kwa upole, na mimi nikajua hasemi na mimi: "Deo, baridi imekuzidi?"

"Sana, Madam," sauti ya Deo ikatoka kama ya panya.

"Pole. Endelea kujipasha."

Huyo mama ana roho nzuri, nikawaza. (Wajinga tuna raha zetu.)

La tatu likapita. La nne likapita. Nyuma watu wameanza kunong'ona jina langu. Mimi tayari nimefika Wampembe, nimeshavua shati, maji yako magotini. Nimebakiza swali moja.

Madam akafuta ubao, akaandika maneno mapya. Kushoto, "fell". Kulia, "felt".

"La mwisho," akasema.

Halafu mlango wa bwalo ukalia kwiiiii, upepo ukaingia, baridi ikanipiga kisogoni. Madam akanyamaza. Nikangoja asome sentensi. Hasomi. Bwalo zima kimya.

Kofi moja.

Nikashtuka. Swali halijasomwa, Deo ameshajibu! Nikasema moyoni, mshikaji wangu leo amekuwa nabii. Labda ameona karatasi ya Madam. Usimwulize nabii maswali.

"'Fell'!" nikasema kwa sauti kubwa.

Madam hakusema sawa, hakusema siyo.

Makofi mawili. Taratibu, ya viganja vilivyokunjwa.

Aha, amejirekebisha. "Samahani, Madam. 'Felt'!"

Kofi moja.

"'Fell'!"

Mawili.

"'Felt'! Nimesema 'felt'!"

Sasa makofi yakaanza kutoka kila upande. Kushoto moja, kulia mawili, katikati moja, tena mawili. Nikachanganyikiwa. Nikawaza, Deo ameajiri wasaidizi? Mimi najibu tu, naruka kutoka neno hili kwenda lile kama mbuzi kwenye mawe. "'Fell'! 'Felt'! 'Fell'! Hapana, 'felt'!" Jasho linanitiririka, kwenye baridi ya Sumbawanga. Jasho! Kuna mtu akaanza kucheka, akajizuia.

Halafu yakaja matatu.

Pa. Pa. Pa.

Wakuu, niliganda. Matatu? Ubaoni kuna maneno mawili. Nikatafuta la tatu, halipo. Nikaangalia pembeni mwa ubao, nikaangalia chini ya ubao. Uvumilivu ukanitoka, nikapaza sauti mbele ya mkuu wa shule, walimu, wazazi na kiumbe chochote chenye masikio:

"Deo! Matatu ndiyo nini? Matatu hatukukubaliana!"

Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe yanarudi kutoka kwenye ukuta, ndipo nikageuka.

Mlangoni alikuwa Bibi yangu.

Bibi wa Chala. Mama yake mama. Kapanda basi asubuhi, mama akamwambia mjukuu wako leo anashindania safari ya ziwani, akaja moja kwa moja na kikapu chake. Na Bibi, kama mtu yeyote aliyelelewa na watu, haingii mahali penye wazee akajikalia tu. Alikuwa amechuchumaa pale pale kizingitini, kikapu pembeni, viganja vimekutana, anasalimia Kifipa. Anapiga makofi yake ya salamu, polepole, moja, mawili, hadi matatu, na maneno yake anayatamka chini chini, kule mbele hayafiki. Na wazee wote wa benchi la mbele wameinama wanamwitikia kwa makofi, mmoja mmoja, kila mtu na zamu yake. Mkuu wa shule na tai yake naye ameinama. Madam Skola ameinama, chaki bado iko mkononi.

Salamu! Ilikuwa salamu! Mimi, Mfipa halisi wa Izia, nimesikia salamu za kwetu nikazijibu kwa vitenzi vya Kiingereza. Na mgongo nimewageuzia.

Deo nilimwona kwa mbali. Mikono ameificha kwapani, macho ameyafumba, midomo inatembea. Safari hii nadhani sala aliikumbuka.

Bibi akainua kichwa. Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Mume wangu," akasema.

Bwalo likapasuka. Mnajua bibi zetu wanavyotuita. Nyumbani ni utani mtamu. Mbele ya shule nzima, ni hukumu.

"Mume wangu, mimi nasalimia watu, wewe unanijibu 'fe, fe, fe' kama mbuzi mwenye kikohozi. Tena na mgongo. Nimekukosea nini?"

"Bibi, shikamoo..."

"Shikamoo ya kutoka huko mbali? Njoo hapa. Chuchumaa."

Nikaenda. Nikachuchumaa. Nikapiga makofi.

"Hayo ni ya harusini," Bibi akasema. "Kunja viganja."

Nikakunja. Yakatoka kama mtu anayeua mbu. Wazee wanashika mbavu. Mkuu wa shule ametoa leso anajifuta macho, na sidhani kama alikuwa analia kwa huzuni. Bibi akatazama nyuma yangu, uso ukalainika.

"Tazama mwenzako anavyofanya."

Nikageuka. Minza alikuwa chini amechuchumaa, nadhani tangu mlango ulipolia. Viganja vimekunjwa vizuri, kichwa kimeinama, makofi yanatoka laini kama mtu anayebembeleza mtoto. Kajifunza kwa majirani zao, akaniambia baadaye. "Ukihamia kwa watu unajifunza kubisha hodi yao," alisema, basi, kama jambo la kawaida tu.

"Huyu binti wa nani?" Bibi akauliza.

Deo, mjinga huyo, ndiye akajibu kutoka nyuma, mara ya kwanza maishani mwake kusema mbele ya watu bila kupotea: "Msukuma, Bibi!"

"Msukuma," Bibi akarudia. "Na wewe, mume wangu, ni nani?"

Nikatega sikio. Hakuna aliyenipigia kofi.

Hapo Madam Skola akasogea. Anacheka? Hapana, ndiyo maana niliogopa. Alikuwa mtulivu kama maji ya mtungi.

"Deo, njoo mbele."

Deo akaja, mikono bado kwapani.

"Nimejua tangu swali la pili," Madam akasema. "Wewe ukipiga, huyu anajibu. Ningeweza kuwasimamisha. Lakini kila ulipopiga, ilikuwa sahihi. Nikataka nione utafika wapi." Akageukia ubao, yale maneno mawili bado yapo. "Sasa, hili la mwisho ni lako. Usitazame watu. Usiseme neno. Sentensi ni hii: Mwanafunzi alijisikia vibaya."

Deo akafumba macho. Akapiga makofi mawili.

"Felt". Sahihi.

Na mimi pale chini nimechuchumaa, nikakumbuka wino mwekundu. Pole, uliangukia wapi. Katika vitenzi vyote vya Kiingereza, hicho ndicho pekee nilichokuwa nakijua bila msaada wa mtu! Ningengoja tu sentensi isomwe, ningejibu mwenyewe, kwa haki kabisa. (Siyo haki kabisa. Yale majibu manne ya kwanza yalikuwa ya Deo. Lakini mnanielewa.)

Wazazi wakampigia Deo makofi ya kweli kweli, yale ya harusini. Na Madam akatamka: msemaji ni Minza, hata kama kuna mmoja alimtoroka. Wa akiba ni Deo. "Kule Wampembe, Deo ataandika majibu kwenye karatasi ampe Minza. Kichwa hiki hakiwezi kubaki nyuma ya bwalo kinapuliza vidole."

Pamoja na hasira zangu, bado nilimvulia Madam kofia moyoni. Mwalimu mwingine angeshika fimbo. Huyu alishika kipaji. Alikitafuta muhula mzima hakukiona, leo akakisikia kinapiga makofi, akakaa kimya, akakisubiri kijitokeze. Mimi nilidhani namtega yeye.

"Na mimi, Madam?" nikauliza.

"Wewe wiki ijayo, kila asubuhi, utasimama getini uwasalimie wazee wote wanaopita. Kwa kuchuchumaa. Bibi atakufundisha kabla hajarudi Chala."

Ingeishia hapo, ningelala vizuri. Kumbe Bibi alikuwa bado na huruma, na huruma ya bibi, jamani, inaua kuliko kisu. Aliona nimenywea. Akasimama, akamshika Madam mkono, akasema kwa sauti yake ile ya kuita watu kutoka bondeni:

"Mwalimu, msamehe. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kuliona ziwa, maskini. Mtoto huyu tangu azaliwe hajawahi kuliona ziwa. Hata kwa mbali!"

Kisha kutoka benchi la kidato cha tatu, sauti moja, taratibu:

"Na mamba?"

Sitawasimulia kilichofuata. Mabenchi mawili yalianguka. Kuna mtu alibebwa nje apate hewa. Mpishi alitoka jikoni na mwiko akauliza kuna nini, akaelezwa, akarudi jikoni, nikamsikia anacheka na sufuria.

Nilipokuwa nabeba kikapu cha Bibi kutoka nje, Minza akanifuata getini. Nikajua sasa ananimalizia.

"Fide," akasema, "yule mamba anakaa upande gani? Nikifika nimsalimie."

"Minza, nionee huruma."

"Nakuonea. Lile jibu la kulala na kulazwa ulilisema vizuri, hata kama ni langu. Ukiamua kuchunga mwenyewe, njoo nyumbani, wako wengi." Kisha akamgeukia Bibi, akachuchumaa tena kwenye vumbi lile, akaaga kwa makofi. Bibi akamwitikia. Wakaendelea na kuaga kwao pale, muda mrefu, Msukuma na Mfipa, mimi nimesimama katikati na kikapu kama kigingi.

Njiani Bibi hakunisema hata kidogo. Alisema tu, "Yule binti ana adabu. Na akili. Wewe una mdomo. Kaa karibu naye, huenda ukapona." Kisha akanipa karanga kutoka kwenye kikapu.

Deo ameshatuma ujumbe. Anasema ataniletea migebuka, mzigo mzima, kwa sababu makubaliano ni makubaliano. Minza ameahidi chupa ya maji ya ziwa nijimwagie ili nisiwe mwongo kabisa.

Ugali umeiva, dada anataka simu yake. Bibi ananiita sebuleni, nakwenda kujifunza kukunja viganja.

Chekeni, nimewaruhusu. Ila nawaomba kitu kimoja, kwa heshima na taadhima: mkinikuta barabarani, asinipigie mtu makofi. Nitajibu.